Fundi wa Mafriji Aogopaye Baridi

Ninyi wa kijiwe cha Marshalltown mmeniuliza tangu Ijumaa mbona nachechemea, na mbona binti yangu Tatu siku hizi ananisalimia kwa Kiswahili. Kila nikianza kueleza mmoja wenu anaangua kicheko kabla sijafika hata Heidelberg, hapo nje tu ya Joburg. Basi nimeandika. Someni kimya, mkishamaliza mcheke.

Habari za kulipia chumba na fomu za mpakani nimeziacha, hazina utamu. Ila kuna jambo nikiri kwanza, maana bila hilo hamtanielewa. Mnajua siingii chumba cha baridi cha mtu yeyote kabla sijaweka chini ya mlango kile kigingi changu cha mbao, kabari ya kuuzuia usijifunge, hata bucha iwe na haraka ya namna gani. Mmekicheka sana hicho kigingi. Mwaka wangu wa pili hapa Joburg mlango ulijifunga nikiwa ndani, mimi na ng'ombe waliochunwa wakining'inia, na kitasa cha ndani kilikuwa kimekufa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Waliponifungulia vidole vyangu nilikuwa sivisikii tena. Tangu siku hiyo natengeneza baridi kwa mikono yangu, lakini moyoni naiogopa. Hata mke wangu sikumwambia yote.

Sasa, Tatu ana miaka kumi na miwili, tulihamia naye hapa akiwa na mitatu. Kiswahili anakielewa chote, lakini kukijibu hataki. Nikimsemesha ananijibu Kiingereza, akikasirika anahamia Kizulu. Kwa hiyo kila mtakaposoma kwamba Tatu alisema hivi na vile, mjue nimemtafsiri mimi, isipokuwa pale nitakapowaambia.

Mwaka jana nilimwahidi kwamba akishika namba nzuri darasani nitampeleka kuona theluji. Niliahidi kwa uhodari kwa sababu nilidhani theluji ni ya Ulaya na ya kilele cha Kilimanjaro basi. Kumbe ipo Lesotho, mwendo wa siku moja, na kuna hoteli kabisa ya watu kwenda kuteleza. Tatu akashika namba tatu.

Mama yake, Thandi, mnamfahamu: yule aliyezaliwa Morogoro wakati baba yake, mpigania uhuru wa huku, yuko uhamishoni. Ni muuguzi na zamu zilimbana. Asubuhi ya kuondoka alinishika kola ya koti akasema, "Baba Tatu, unaondoka na mtoto wangu mzima. Nirudishie mzima." Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka.

Observatory mpaka Reitz

Tulitoka nyumbani, Observatory, baada ya swala ya alfajiri kwa gari la Dieudonné, jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mkongo wa Bukavu anayetengeneza simu. Alisema naye anataka kupiga picha akiwa kwenye theluji awatumie ndugu zake. Tulipopita taa za mwisho, hizi robot zetu, na kuingia barabara kuu, Tatu alikuwa ameshalala nyuma na kofia ya sufu imemfunika macho.

Kulipokucha nikaona majani ya pembeni meupe. Nikauliza kama ni chokaa. "Hapana, ndugu, ile ni baridi ya usiku," Dieudonné akanijibu. Tulikuwa hatujafika hata Villiers. Mlima wenyewe bado hatujauona, na mimi nimeshafunga koti mpaka kidevuni.

Reitz tukapata pancha. Fundi wa matairi, kijana mnene mwenye kaptura katika baridi ile, alituambia atakuja "just now". Nimekaa nchi hii miaka tisa, najua hiyo si sasa wala si baadaye kidogo, ni siku mtu akijisikia. Tukakaa kibarazani tukila chapati za Thandi. Bibi mmoja wa Kikaburu, mwenye duka la jirani, alituletea kahawa na vile vipande vya mkate mkavu vya kuchovya. Akauliza tunakwenda wapi. Nilipomwambia, alitazama gari, akamtazama Tatu, akatikisa kichwa.

"Kule juu barabara inaganda," akasema. "Kuna gari huwa zinateremka bila kupitia barabarani."

Tatu akacheka sana. Alipoona mimi sicheki akanitazama kidogo kwa jicho la kunipima.

Butha-Buthe

Mpaka wa Lesotho tulivuka saa saba mchana. Butha-Buthe tulisimama kwa mama anayeuza makoenya, yale maandazi makubwa ambayo hapa Joburg tunayaita magwinya. Nilitaka kujua kama yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Yeye Kiingereza chake kidogo, mimi Kisotho sina hata neno, Kizulu changu ni cha sokoni. Nikaguna kama nguruwe huku nikionyesha karai. Mama akapigwa na butwaa, halafu akaingia ndani akarudi na kitambaa cha kufutia pua. Alidhani nina mafua.

Tatu ndiye aliyetuokoa. Kisotho anakisikia kutokana na rafiki zake wa shule. Aliongea maneno mawili matatu, mama akacheka mpaka akashika kiuno, akatuonyesha chupa ya mafuta ya alizeti. Tukala. Yalikuwa ya moto na laini, nikala manne.

Nilitamani nibaki pale. Nasema kweli, kama Tatu angesema amechoka turudi, ningegeuza gari mimi mwenyewe.

Kupanda Moteng

Njia ya Moteng imejikunja mlimani kama utumbo. Upande mmoja jiwe, upande wa pili hakuna kitu. Kwenye kivuli lami iling'aa, na Dieudonné alipokanyaga breki gari halikusimama, lilikwenda kwanza kidogo kwa hiari yake, kisha ndipo likatii. Baadaye akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwao, taratibu, bila kufungua mdomo.

Mimi nilishika mlango kwa mikono miwili.

"Papa Tatu, achia mulango," akasema bila kunitazama. "Uko nashikilia sawa vile utakimbia."

"Endesha, bwana."

"Niko naendesha. Lakini ukifungua kwa bahati mbaya, utatoka wewe wa kwanza."

Tulipishana na lori lililobeba nyasi. Ili lipite ilibidi turudi nyuma mita chache, kwenye barafu, kuelekea upande ule usio na kitu. Nilisoma Ayatul Kursiy mara sijui ngapi. Mkononi nilikuwa nimeshika kile kigingi, nilichokitia mfukoni asubuhi bila kujua kwa nini, na nilikiminya mpaka kiganja kikapata alama. Nyuma yangu Tatu alikuwa amebandika uso kwenye kioo, anahesabu kona kwa sauti.

Jioni ya kufika

Tulifika hotelini wakati jua linataka kuzama nyuma ya mlima. Msidhani ni milima yote meupe kama kwenye kalenda. Milima ni ya kahawia, majani makavu, halafu katikati kuna mteremko mmoja mweupe ulionyooka, kama mtu amemwaga unga. Ukutani mapokezi kulikuwa na picha za majira mengine: watu wanateremka kwa baiskeli, wanavua samaki bwawani, wanakimbia vilimani. Jamaa aliyetupokea, Teboho, Msotho mrefu mwenye midomo iliyobabuka kwa jua, alituambia yeye yupo mwaka mzima. Kiangazi anaongoza baiskeli, baridi ikija anafundisha kuteleza.

Kitu kimoja tu kilinituliza pale. Chini ya mteremko, karibu na bwawa, kuna banda la bati, na ndani yake kompresa kubwa kuliko yoyote niliyowahi kushika. Kumbe theluji nyingi pale inatengenezwa. Wanasukuma maji na hewa kwenye mizinga, vinatoka vikiwa theluji. Ama, hii ni kazi yangu! Nikamvuta Tatu nikamwonyesha.

"Sikiliza. Tak, kisha kimya, kisha tak-tak. Bearing inachoka hiyo."

"Baba, tupo likizo," akasema, lakini alisikiliza.

Nikampeleka nyuma ya banda, kwenye feni inayotupa hewa ya moto. Alipokuwa mdogo na Thandi yuko zamu, nilikuwa naenda naye kazini, na kila nikimtafuta namkuta nyuma ya mashine, amejikunja pale hewa ya moto inapotokea. Nilimfundisha mwenyewe: mashine ya baridi haiumbi baridi, inachukua joto la ndani inalitupa nyuma. Ukisikia baridi, nenda nyuma ya mashine.

Tatu akanyoosha viganja kwenye ile hewa. "Nakumbuka," akasema.

Kwenye mkeka

Asubuhi tukavalishwa viatu vigumu vya plastiki ambavyo kifundo cha mguu hakikunjiki, na helmeti iliyonibana masikio. Teboho akasema tumsubiri kwenye mkeka. Nikafurahi moyoni, nikasema watu hawa wastaarabu, wametuwekea mahali pa kuswalia. Nikatafuta, nikaona kweli kitu cheusi kimetandazwa kwenye theluji. Nimeshaanza kupambana na kile kiatu nikivue, mkeka ukaanza kutembea. Kumbe ni mkanda wa mpira wa kupandishia watu wanaojifunza. Dieudonné alipiga picha, najua ameshawaonyesha.

Teboho alitufundisha kusimama kwanza. Ncha za mbele za ski, zile mbao mbili ndefu za kutelezea, unazileta pamoja, visigino unavisukuma nje.

"Kama kigingi chako, Baba," Tatu akanifafanulia. "Kigingi kikiwa chini ya mlango, mlango hauendi."

Hapo nikaelewa vizuri, na kwenye tambarare nilisimama kama askari. Tatu alishika mapema zaidi, saa tano alikuwa anateremka peke yake, anakata kona. Dieudonné alianguka mara tatu akaenda kunywa chai. Mimi nilibaki kwa sababu mtoto alikuwa ananitazama, na nilikuwa nimechoka kuogopa mbele yake.

Basi nikapanda ule mkanda mpaka juu, Tatu na Teboho nyuma yangu. Wingu lilikuwa linashuka kutoka mgongo wa mlima, na Teboho alisema huu uwe mteremko wa mwisho. Nikaanza. Mwanzo ni taratibu. Halafu ski zikashika njia yao, upepo ukaingia kwenye meno, na nikasikia Teboho nyuma yangu anapiga kelele, akiniita ntate, yaani baba:

"Ema, ntate! Ema! Ema!"

Ndani ya ile helmeti mimi nikasikia "hema". Kwetu Tanga mtu akibabaika tunamwambia hema kwanza, vuta pumzi moyo utulie. Nikasema, Mungu ambariki kijana huyu, ameona nimeishiwa pumzi. Nikahema. Nilihema kwa nguvu, kwa bidii, miguu nimeinyoosha sambamba kama reli, na kadiri alivyozidi kupiga kelele ndivyo nilivyozidi kuhema. Wavu wa pembeni ulipita. Bendera nyekundu ikapita. Nikaingia kwenye bonde dogo ambalo halikuwa la watu kupita, ski moja ikachomoka, nikazama mpaka kifuani kwenye theluji iliyolundikwa na upepo.

Na wingu likafunika kila kitu.

Ukungu

Sitaki kuwadanganya. Pale nilirudi kwenye chumba cha baridi. Weupe pande zote, vidole vinakufa, na sauti yangu ikitoka inaishia mdomoni. Teboho alipofika akanivua ski iliyobaki, akanivuta kwa kwapa mpaka penye ardhi imara, na goti langu likalia. Ndiko ulikotoka mguu huu mnaoucheka.

Kitu cha kwanza kuniuliza kilikuwa: "Binti yuko wapi?"

Nikamwambia yuko juu, kwenye mkanda.

"Hapana. Alikufuata. Alipoona husimami, aliruka nyuma yako. Nilidhani mko wote."

Ndugu zangu, nimewahi kuogopa, lakini nilikuwa sijajua kuogopa ni nini. Nilimwita. "Tatu! Tatu!" Teboho akaongea kwenye redio yake, wenzake wakajibu kutoka sehemu mbalimbali, hakuna aliyemwona. Alama za ski zilikuwa mbili, zangu ziliishia shimoni, zake zilipita pembeni na kuendelea chini. Chini kuna bwawa. Nilikuwa nimeliona jioni ile, limeganda juu, na Teboho mwenyewe alituonya kwamba barafu yake ni nyembamba, haibebi hata mbwa.

Alinisimamisha, akanyanyua kiganja usoni pangu. "Ema mona, ntate. Ema."

Kiganja kile ndicho kilichonifungua masikio. Simama hapa. Simama. Tangu mwanzo alikuwa ananiambia simama, na mimi nahema kama mjinga, na mtoto wangu ametumbukia kwenye ukungu kwa sababu ya herufi moja niliyojiongezea mwenyewe.

Sikusimama. Yeye alipogeukia redio nilishuka, nikafuata zile alama. Viatu vile si vya kutembea navyo, nilikuwa naanguka na kuinuka. Niliona kola ya koti langu mkononi mwa Thandi. Nirudishie mzima. Nikafika mahali theluji inapoisha na mawe yanaanza, na pale, nusu hatua kutoka kwenye barafu ya bwawa, ilikuwa imelala ski moja ndogo ya bluu. Ya Tatu.

Nilipiga magoti. Nikaitazama ile barafu, natafuta shimo. Sikuona shimo, lakini sikuona pia mita mbili mbele yangu. Nikainuka. Nilitaka kukanyaga barafu na mguu ulikuwa umeshanyanyuka. Wallahi ulikuwa umeshanyanyuka.

Tak. Kimya. Tak-tak.

Walikuwa wamewasha mashine kwa sababu ya ile baridi ya wingu. Nikageuza kichwa. Sauti ilitoka kushoto, si mbali. Sikufikiri, miguu ndiyo iliyofikiri. Nilipapasa mawe, nikapapasa ukuta wa bati uliokuwa unatetemeka, nikauzunguka mpaka nyuma, kule kwenye feni.

Alikuwa pale. Amejikunja, helmeti ameivua, mgongo ameuegemeza kwenye ile hewa ya moto, na macho makavu yamemtoka. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi za haraka ambazo haziingii, midomo imebadilika rangi. Aliponishika mkono nilisikia mwili wake wote unaruka.

Nikakaa kwenye theluji nikamweka kifuani. Kichwani mwangu hakukuwa na neno lolote isipokuwa lile moja.

"Hema," nikamwambia. "Hema, mwanangu. Taratibu. Hema."

Nikahema naye. Pumzi yangu, pumzi yake. Sijui tulikaa muda gani, kompresa inagonga nyuma yetu, mpaka pumzi zake zikaanza kuwa ndefu. Kisha akaninong'oneza kitu, na hiki sikukitafsiri, alikisema yeye mwenyewe kwa Kiswahili, kimevunjika vunjika:

"Baba, yeye alisema *ema*. Simama. Wewe ulihema?"

"Nilihema."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zote kwenye koti langu. Teboho na wenzake walitukuta hivyo. Nilikuwa bado nahema.

Kurudi

Siku mbili zilizobaki sikugusa ski. Tatu aliteleza, na mimi nilikaa chini nimeshika kikombe, nikihesabu kila anapopotea nyuma ya mtu mwingine. Hofu haikunitoka, ilikaa nami mezani. Kabla ya kuondoka nilimwonyesha fundi wao ile bearing, akaisikiliza akanikubalia. Teboho alinishika mkono kwa mikono miwili, na Dieudonné alitushusha Moteng kwa gia ya kwanza, bila wimbo. Safari hii mlango sikuushika. Nilikuwa nyuma, nimemshika mtoto.

Butha-Buthe yule mama wa makoenya alitukumbuka, akanipa kitambaa cha pua kabla sijaagiza. Reitz hatukusimama.

Tulifika Observatory saa kumi na mbili jioni. Thandi alikuwa ameshavaa sare ya kazi, anatusubiri mlangoni. Alimtazama Tatu juu mpaka chini, akamgeuza, akamshika mashavu. Kisha akatazama mguu wangu.

"Kuna nini?" akauliza. "Baba Tatu, kumetokea nini huko?"

Nilifungua mdomo. Niliona ski ya bluu kando ya barafu. Niliona na ule mlango wa chumba cha baridi, ambao kwa miaka saba sikuwahi kumsimulia, na nikajua nikianza hili itabidi nianze na lile. Nikasimama pale na mfuko wa nguo chafu begani, Thandi ananisubiri.

Tatu akaweka kiganja chake mgongoni kwangu, katikati ya mabega.

"Hema, Baba," akasema. "Halafu umwambie."